Mjadala wa Buyenzi: Kwenda Visiwani Wakati wa Kusi

Buyenzi, hapa Bujumbura, ni mtaa wa wasafiri. Daima yupo anayetoka kwenye avenyu zake kwenda Dar es Salaam kufuata vipuri vya magari, vitenge au simu, kisha akarudi na mzigo wake kupitia mpaka wa Kobero. Wasafiri hao hufika Kariakoo, wakalala gesti, wakahesabu pesa, wakageuza. Gati la boti za Zanzibar liko mwendo mfupi tu kutoka hapo, na wengi wao hawajawahi kuzipanda boti hizo. Hoja ninayotaka kuitetea ni kwamba wavuke, tena wavuke katika ule wakati ambao wenye mahoteli wanauita msimu wa chini, masika yakiwa yanaisha na upepo wa kusi umeshashika. Hoja hii ina wapinzani, na wapinzani wenyewe si wajinga. Nimewaweka hapa kama wanavyokaa barazani baada ya Alasiri, kila mmoja na kazi yake, ili kila pingamizi lipate msemaji wake.

Wa kwanza ni fundi wa garaji, mikono ina grisi bado. “Mzee wangu,” anasema, “mtaa huu watu wamekesha kwenye foleni ya petroli, dola hata ukiwa na faranga huioni, nawe unatuletea habari za kwenda kupunga upepo? Likizo ya kisiwani ni ya Wazungu. Sisi tukisafiri tunasafiri kwa kazi.”

Fundi anasema kweli kuhusu pesa, na hakuna makala itakayomshushia bei ya dola. Faranga ya Burundi ilishushwa thamani rasmi Mei 2023, na hata baada ya hapo bei ya benki na bei ya mtaani zimeendelea kuwa mbali mbali. Lakini tazama pale hesabu yake inapoelekea. Gharama kubwa ya safari ya pwani kwa mtu wa Bujumbura ni ile njia ndefu ya bara, ya kupitia Kobero na Kabanga, Kahama, Singida hadi Dodoma, na kutoka Dodoma siku hizi, tangu 2024, mtu anaweza kuacha basi akapanda treni ya SGR hadi Dar. Gharama hiyo mfanyabiashara wa Buyenzi ameshailipa kwa ajili ya mzigo. Kinachobaki ni boti ya saa mbili hivi na chumba cha siku chache. Sasa, chumba ndicho kitu kinachobadilika bei kwa msimu. Nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe ambayo Desemba haitaki hata kusikia maombi ya punguzo, Mei na Juni mwanzoni inaweza kushusha theluthi nzima, na mara nyingine nusu, hasa kwa anayelala siku nne tano na anayejua kupatana kwa Kiswahili. Kwa hiyo ufinyu wa pesa ambao fundi anautoa kama sababu ya kutokwenda ndio unaomwambia aende lini. Mtu mwenye pesa nyingi anaweza kuchagua Desemba. Mwenye pesa chache msimu wake ni huo wa chini.

Kuhusu likizo kuwa ya Wazungu, hapo fundi ameupa utalii heshima usiyostahili. Visiwa vilipokea wageni kwa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kulala ufukweni na kitabu, na wageni wenyewe walikuja kwa ratiba ya upepo. Majahazi ya Omani, Ghuba na Kachi yalishuka na kaskazi kati ya Desemba na Machi, yakarudi na mwanzo wa kusi mwezi wa Aprili. Juni na Julai bahari huwa kali mno kwa jahazi la masafa, hivyo nahodha aliyechelewa kuondoka alingoja demani, kusi inapolegea kuanzia mwisho wa Agosti hivi. Mfanyabiashara aliyenaswa na miezi hiyo hakuwa mtalii wala mkazi: alipanga chumba, akakopesha na kukopa, akaswali msikiti wa mtaa, wengine wakaoa. Mji wa Unguja ulijua kukaa na mgeni wa kusi. Na mkono wa mji huo ulifika hadi kwetu, kwa njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, pamoja na mema na maovu yake. Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa, alipotaka kuingia Burundi kutoka Ujiji, majeshi ya mfalme Mwezi Gisabo yalimzuia. Ila Kiswahili, Uislamu na Wamanyema kutoka Kongo walifika kwenye ncha hii ya Ziwa Tanganyika, na Buyenzi ikawa mtaa wao. Mtu wa mtaa huu akienda Unguja anaitembelea ncha ya pili ya njia yake mwenyewe. Hiyo ni sababu ya safari ambayo haikupangwa na kalenda ya shule za Ulaya.

Hapo anaingia mama mwenye meza ya vitenge soko la Ruvumera, na neno lake ni zito kuliko la fundi. “Mimi pesa nitapata. Lakini bahari hiyo inaua. Mmesahau ile boti iliyozama mwezi wa saba, watu wakitoka Dar? Upepo wenu huo huo wa kusi.”

Hakusahau mtu. MV Skagit ilizama Julai 18, 2012, karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, katika upepo mkali na mawimbi ya kusi, na abiria wengi wakafa. Kumjibu mama huyu kwa kusema ajali ni kudra kungekuwa kumkimbia. Tuitazame ajali yenyewe. Skagit ilikuwa boti iliyoundwa kwa ajili ya maji ya ndani ya jimbo la Washington, Marekani, maji yaliyokingwa na nchi kavu pande nyingi. Iliuzwa ikiwa imeshatumika, ikaletwa kuvuka mkondo unaokaa wazi kwa bahari kuu. Iliondoka Dar mchana, wakati ambao upepo wa kusi kwa kawaida umeshaongezeka nguvu. Iweke kando ya ajali iliyoitangulia, ile ya MV Spice Islander usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, kati ya Unguja na Pemba. Tume iliyochunguza ilikuta waliokufa na wasiojulikana walipo wanazidi 1,500, na kwamba meli ilibeba zaidi ya watu 2,000 ilhali ruhusa yake ilikuwa kama 600. Pale mkondo wa Nungwi ulimalizia tu kazi iliyoanzia gatini. Ajali zote mbili zinasema jambo moja: upepo huua pale unapokutana na chombo kisichofaa au kilichojazwa kupita kiasi. Hilo halimfanyi mtu kuidharau kusi, ila linamwonyesha mahali pa kuweka hofu yake.

Na hofu iliyowekwa mahali pake inakuwa utaratibu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za upepo na mawimbi, na maneno yake msikilizaji wa redio ameshayazoea: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita mbili. Tahadhari ikitoka, vyombo vidogo hukaa, na hata boti kubwa huweza kuahirishwa. Kwa hiyo msafiri wa kusi anahitaji siku moja ya ziada kila upande, siku isiyo na ahadi yoyote, ili asijikute anabembeleza nahodha kwa sababu basi lake la Dodoma linaondoka kesho. Apande boti kubwa ya asubuhi. Asipande mashua kwa kuwa ni rahisi. Akae katikati ya chombo, chini, na akubali kwamba wafanyakazi watapita na mifuko ya kutapikia, na kwamba huenda mmoja ukawa wake. Kwenda Pemba ni jambo la kupima zaidi, kwa kuwa pale kati ya Nungwi na ncha ya kusini ya Pemba hakuna kisiwa cha kukinga. Upepo na mkondo wa bahari vinapita bila kizuizi, na wakati wa kusi mkondo huo unaokwenda kaskazini hushika kasi yake kubwa kabisa ya mwaka. Mama wa vitenge akisema Unguja ataenda ila Pemba kwa boti hatakwenda, sina la kumpinga. Kuna ndege ndogo, akizimudu.

Nikimaliza hapo mwalimu wa shule, ambaye alikuwa akinyamaza kwa makusudi, anapata mwanya wake. “Ndugu mwandishi, umechanganya mambo mawili. Msimu wa chini wa Zanzibar unatokana na mvua za masika, Machi hadi Mei. Kusi inapovuma kwa nguvu, Julai na Agosti, Waitaliano wamejaa Kiwengwa na bei ziko juu. Kwa hiyo huo msimu wako wa upepo na bei rahisi haupo.”

Hili ndilo pingamizi lililonilazimisha kuipunguza hoja yangu hadi ikae sawa. Mwalimu yuko sahihi kuhusu Aprili. Ni mwezi wa mvua nyingi kuliko yote Unguja. Baadhi ya hoteli, hasa zile za visiwa vidogo, hufunga kabisa kwa ukarabati, barabara za mchanga za pwani ya mashariki hujaa madimbwi, na chumba cha bei rahisi ambacho mtu hawezi kutoka ndani yake si rahisi hata kidogo. Aprili simshauri mtu. Yuko sahihi pia kuhusu Agosti ya Kiwengwa na Nungwi. Lakini kati ya mvua na Waitaliano kuna wiki kadhaa, kuanzia mwisho wa Mei hadi karibu mwisho wa Juni, ambapo masika yameshakatika, kusi imeshaingia, hewa imepoa kuelekea kipupwe, na bei bado hazijaamka. Hizo ndizo wiki ninazozitetea kwa Unguja. Pemba mambo ni tofauti tena, kwa sababu watalii wa Pemba ni wachache mwaka mzima: ukiondoa hoteli chache za kupiga mbizi, Chake Chake na Wete hazina msimu wa juu wa kuogopwa. Huko hata Agosti ni msimu wa chini, upepo upo, na huwa ndio wakati mavuno ya karafuu yanaanza, mikeka na maturubai ya karafuu yametandazwa kando ya barabara hadi gari lazima lipunguze mwendo.

Mwalimu ana dogo la kuongeza, nalo linauma: likizo kubwa ya shule Burundi ni Julai hadi Septemba, kwa hiyo mwenye watoto hawezi kwenda Juni. Kweli. Mwenye watoto ama aende Pemba, ama akubali kulipa zaidi Unguja na kuzikwepa fukwe za kaskazini kwa kulala mjini.

Kijana wa chuo anacheka. “Sawa, bei tumesikia, ajali tumesikia. Sasa nikifika nitaona nini? Mawimbi, mwani uliotupwa ufukweni, na mahoteli matupu? Si bora Saga Plage hapa hapa, ziwa letu na mukeke wa kuchoma?”

Ziwa silitukani, na mukeke simsusi. Ila kijana anahesabu kisiwa kwa ufukwe wake, kama matangazo ya hoteli yalivyomfundisha, na kwa kipimo hicho kusi itashindwa kweli, hasa pwani ya mashariki inayopigwa na upepo uso kwa uso. Hebu ahesabu kwa kipimo kingine: watu wanafanya nini, na wana nafasi kiasi gani ya kusema naye. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 736,000, na sensa ya 2022 ilihesabu wakazi wapatao 1,890,000. Hao wageni hawagawanyiki sawa kwa miezi wala kwa mitaa; hurundikana. Katika kilele chao, mwenye duka la kofia Mji Mkongwe hana dakika ya kukaa na mgeni kutoka Burundi anayezungumza Kiswahili cha ajabu ajabu chenye Kirundi na Kifaransa ndani yake. Mwezi wa Juni anayo. Atamuuliza ametoka wapi, atashangaa kwamba Bujumbura kuna mtaa mzima wa Waswahili, na mazungumzo yatafika mbali kuliko bei ya kofia. Lugha ndiyo mali ambayo Mbuyenzi anafika nayo na mtalii wa Milano hana, na mali hiyo haitumiki kwa mtu mwenye haraka.

Pwani ya mashariki yenyewe aitazame Paje au Jambiani maji yakiwa yamekupwa. Mwamba wa nje unavunja mawimbi makubwa, kelele yake inasikika mbali kama lori lisilofika, na ndani yake maji ni ya magoti. Ukulima wa mwani ulianza pande hizo mwaka 1989, na mpaka leo wakulima wengi ni wanawake. Bamvu likifika, maji yakienda mbali, wanatoka na kamba na mambo ya miti, wanafunga vipande vya mwani kimoja kimoja, kanga zimelowa hadi kiunoni, upepo unawavuta mitandio. Kazi hiyo ina uhusiano na msimu kuliko watalii wanavyodhani: maji ya kaskazi yakipata joto sana, mwani aina ya kotonii huoza, na bahari iliyopoa kidogo ya kusi humpa mkulima nafuu, ingawa mvua za mwanzo humsumbua katika kuanika. Na upande huo huo wa Paje, kuanzia Juni, wanajaa vijana wa mchezo wa tiara za majini, ambao wamekuja kwa sababu ya upepo huo huo unaowakimbiza wengine. Kumbe hata ndani ya biashara ya utalii wapo wanaojua kwamba kusi ni bidhaa.

Kama kijana anataka sherehe, Julai kuna Mwaka Kogwa huko Makunduchi, wanaume wakichapana kwa migomba na kibanda kikichomwa moto, na kwa desturi ya hapo nyumba isiyo na mgeni siku hiyo huhesabiwa kuwa imepungukiwa. Anayependa Maulidi, basi kwa miaka hii Mfunguo Sita unaangukia Agosti na Septemba, yaani ndani ya kusi. Kwenye Maulidi ya Lamu, Kenya, katika msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh, mgeni hapokewi kama mnunuzi. Lamu ni safari ya mbali zaidi na barabara yake ina historia ya mashambulizi, kwa hiyo naitaja tu na kupita.

Bado kuna sauti moja, ya mzee aliyekaa pembeni na tasbihi yake, na hakuja na hesabu. “Mwanangu, mgeni wa msimu mbaya ni mgeni wa makombo. Utakuta mpishi ameachishwa, nusu ya wahudumu wamerudi kwao. Kwa nini tuende tukapewe kilichobaki?”

Shikamoo, mzee. Ni kweli kwamba hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi wakati huo, na anayetaka meza yenye vyakula ishirini atakuta vitatu. Ila hoja hii ikifuatwa hadi mwisho wake inageuka. Anayepunguzwa kazi Mei ni kijana wa Jambiani au wa Makunduchi, na kinachoamua kama ataitwa tena Juni au atangoja hadi Julai ni idadi ya vyumba vilivyopata watu. Mgeni mmoja wa Agosti haongezi kazi ya mtu; vyumba vimeshajaa. Mgeni mmoja wa Juni huenda akawa sababu ya jiko kuwashwa, hasa katika gesti ndogo ya mwenyeji isiyo na wakala Ulaya. Faranga chache za Buyenzi zina uzito pale ambapo mizani iko tupu. Na chakula cha mitaani, urojo, mkate wa kumimina, pweza wa Forodhani upepo ukiruhusu moto kuwaka, hakifungi milango kwa ajili ya msimu, maana wenyeji wanakula mwaka mzima.

Nakiri kwamba hoja hii haimfai kila mtu. Mgonjwa wa tumbo la bahari, mjamzito wa miezi ya mwisho, mtu mwenye siku tatu tu mkononi kabla ya mzigo wake kupakiwa, wote hao wangoje kaskazi, bahari inapolala Januari na Februari, wakubali kulipa bei yake. Anayeota kuogelea na papa potwe kule Mafia pia asihangaike na Juni. Samaki hao huonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Machi.

Lakini wewe uliyeko Kariakoo mwisho wa Mei, mzigo umeshafungwa na gari la kurudi linaondoka baada ya wiki, usigeuze bado. Soma tahadhari ya hali ya hewa ya siku hiyo, kata tiketi ya boti ya asubuhi, bakiza siku moja tupu, na chumba usilipie kabla hujafika na kupatana bei kwa mdomo wako.